Gari Livushe Tu

Wanaoendesha baiskeli kwa burudani hapa Sotik wamegawanyika, na kinachowagawa ni gari. Wapo wanaosema Jumapili njema huanza kwa kupakia baiskeli kwenye pikapu, kutoka mjini mapema na kuzishusha mahali penye njia tulivu. Wapo wanaosema baiskeli iliyopandishwa gari imeshageuka mzigo, na kwamba mwenye nayo angeanzia mlangoni kwake. Hoja hii huonekana ndogo hadi uitie ndani ya mazingira yetu: barabara zinazokutana Kaplong, malori ya majani chai na magari ya maziwa, magari ya Probox yaliyoshindiliwa abiria, na mvua ya Kericho na Bomet ambayo mara nyingi husubiri mchana ndipo imwagike.

Nimeileta hoja hiyo mezani, katika hoteli ya chai kando ya barabara, na kuzipa nafasi sauti tano. Nimeziita kwa kazi au umri wao. Mwalimu ndiye mwenye pikapu, na ndiye hupanga safari. Sista ni muuguzi. Mzee alipeleka maziwa kwa baiskeli ujana wake wote. Fundi hutengeneza baiskeli sokoni. Kijana ni mwendesha bodaboda siku sita, na ya saba hupanda baiskeli ya kuazima. Mimi nimekaa kama mwenyekiti, lakini ninao msimamo wangu, na nitausema.

Swali ni hili: kikundi kinachotoka pamoja kwa matembezi ya siku moja kipakie baiskeli kwenye gari, au kianzie nyumbani?

MWALIMU: Chamgei nyote. Mimi nitaanza na saa, kwa sababu saa ndiyo inayotubana. Huku kwetu asubuhi mbingu huwa safi. Ikifika saa nane mchana mawingu yameshuka juu ya mashamba, na saa tisa njia ya udongo mwekundu ni utelezi mtupu, matope yanajaa kwenye magurudumu hadi hayazunguki. Kwa hiyo mtu wa burudani ana saa sita au saba za ukavu, basi. Kutoka hapa hadi Kericho ni kama kilomita 50, na kupanda ni kwingi, maana Kericho imekaa juu zaidi ya mita 2,000. Mtu wa umri wangu akizipiga kilomita hizo kwa pedali atafika amekwisha, na zile njia za ndani ya chai alizozifuata hatazigusa. Pikapu hutufikisha kwa saa moja hivi. Saa mbili asubuhi tumeshapanda baiskeli, tumezungukwa na kijani, wote pamoja, mzito na mwepesi. Bila gari, wazito wangebaki nyumbani na kikundi kingekuwa cha wenye mapaja ya chuma tu.

MZEE: Mwalimu, nani amekwambia chai ya Kericho ni ya kijani kuliko hii yetu? Mji huu umezungukwa na chai. Shamba la Kipkebe liko hapa, la Arroket liko hapa, na mashamba ya wakulima wadogo yamejaa kila mteremko. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ujana wangu niliondoka alfajiri na mikebe miwili ya maziwa, mmoja kila upande wa keria, nikateremka hadi mto Kipsonoi nikishika breki kwa mikono miwili, na upande wa pili nikashuka nikaisukuma baiskeli hadi juu. Baiskeli ya blakmamba haina gia. Mlimani unaikokota, na wewe na baiskeli mnapumua pamoja. Nilifika kwenye kiwanda cha maziwa cha KCC hapa Sotik na mzigo wangu haujachacha. Hakuna aliyeniambia nahitaji gari ili nifurahie njia hiyo, na niliifurahia, ingawa nilikuwa kazini.

SISTA: Mzee wangu, barabara uliyoiacha siyo hii ya leo. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, mwishoni mwa miaka ya 2000, maisha yalirahisika kwa wengi, wagonjwa wakafika hospitali kwa haraka, na mimi nashukuru. Lakini ukingo wa lami ambao ulikuwa wa miguu na baiskeli ukachukuliwa na pikipiki hizo. Ongeza Probox zinazokimbizana kugombania abiria kati ya Kapkatet, Sotik na Keroka. Ongeza malori. Mwaka 2023 peke yake zaidi ya watu 4,000 waliuawa katika barabara za Kenya. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo, kwenye makutano ya Londiani, kaunti jirani ya Kericho, lori moja liliacha njia likawaparamia watu waliokuwa kando ya barabara, wafanyabiashara na wasafiri, na zaidi ya watu 50 wakafa. Wale hawakuwa katikati ya lami. Walikuwa kando. Mimi hupokea waliogongwa, Mzee. Najua helmeti inasaidia mtu aliyeanguka mwenyewe, na najua haimtoshi aliyegongwa na lori. Kama pikapu ya Mwalimu inaweza kututoa kwenye kipande hicho cha lami, naomba itutoe. Kinga ni bora kuliko tiba, na mimi nimeona tiba inavyoshindwa.

FUNDI: Mmezungumza habari za watu. Mimi niwaeleze habari za baiskeli, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku yangu ya kazi nyingi, na baiskeli nyingi ninazoletewa siku hiyo hazikuharibikia njiani. Ziliharibikia juu ya gari. Ile iliyolazwa upande wa cheni, mkono wake wa gia ya nyuma umepinda, na sasa cheni inaruka. Ile iliyobanwa katikati imechubuliwa fremu na pedali ya mwenzake. Ile iliyofungwa nyuma ya gari dogo, tairi lake lilikaa mkabala na ekzosi, mpira ukalainika na moshi wa moto hadi ukapasuka. Nimeletewa pia ya breki za mafuta iliyofunguliwa gurudumu bila kuwekewa kitu kati ya pedi. Mtu aliishika breki bila kukusudia, pedi zikakutana, na gurudumu likakataa kurudi mahali pake. Kipande cha boksi kilichokunjwa kingetosha.

MWENYEKITI: Kwa hiyo, Fundi, unapinga gari?

FUNDI: Sipingi. Nasema kupakia ni kazi yenye ujuzi wake, na watu huifanya gizani wakiwa na haraka. Baiskeli ikilazwa, upande wa cheni uwe juu. Kwenye pikapu, tandika godoro kuukuu juu ya mlango wa nyuma, fremu ziegemee hapo, magurudumu ya mbele yaning'inie nje. Kila fremu na jirani yake zitenganishwe kwa gunia. Kufunga, hakuna kama mpira wa tyubu ya gari uliokatwa mkanda mrefu, uleule bodaboda wanaofungia magunia ya makaa. Haukwaruzi rangi. Lakini mpira hulegea, kwa hiyo baada ya kilomita chache simama, shuka, shika kila baiskeli uitikise. Funga na gurudumu la mbele, kwa sababu likiachwa huru huzungushwa na upepo, usukani ukageuka na kugonga bodi ya gari safari nzima. Na zikifungwa nyuma ya gari dogo, rudi hatua kumi utazame: namba ya gari inaonekana? Taa zinaonekana? Anayekufuata kwenye ukungu wa asubuhi anahitaji kuziona.

MWALIMU: Nikiri kosa langu hapo, ili mwingine asilirudie. Kuna Jumapili tulizifunga baiskeli juu ya paa la gari la rafiki, zimesimama wima. Tuliendesha vizuri hadi tukazisahau. Tulipoingia chini ya paa la kituo cha mafuta tulisikia mlio mmoja tu. Uma wa mbele ulivunjika, na paa la gari likabonyea. Aliyeendesha gari nilikuwa mimi, na mwenye baiskeli alikuwa kijana aliyeweka akiba miezi mingi kuinunua. Niliilipa, lakini uso wake wakati ule sijausahau. Tangu siku hiyo nimeandika kimo cha gari pamoja na baiskeli kwenye karatasi, nikaibandika mbele ya usukani.

KIJANA: Mimi naomba tuzungumze kuhusu nani anayeingia ndani ya hilo gari. Pikapu ya Mwalimu ina viti vya watu wachache, na nyuma inabeba baiskeli sita. Sasa mkisema kikundi kinatoka kwa gari, mmesema kikundi ni watu sita. Tulipokuwa tukitoka kwa pedali tulikuwa kumi na watano, wengine na baiskeli za keria, wengine wamebebana. Halafu kuna mafuta. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita kumi litakula lita kumi kwenda Kericho na kurudi. Lita ikiwa shilingi 180, hiyo ni 1,800, na sita tukigawana ni 300 kila mmoja. Oktoba 2023 petroli ilipopita shilingi 217, ingekuwa zaidi ya 360. Kwa mwenye mshahara hiyo ni hela ndogo. Kwangu ni chakula cha nyumbani. Sitasema sina, nitasema nina shughuli. Ndivyo watu wanavyotoka kwenye kikundi, Mwalimu. Hawaagi.

MWALIMU: Hilo sikulijua. Nilidhani kweli mna shughuli.

MWENYEKITI: Mwalimu, hebu tetea safari ndefu. Kwa nini uende mbali kabisa, wakati Mzee anasema chai iko hapa?

MWALIMU: Kwa sababu macho nayo huchoka kuona kitu kilekile. Tazameni, tangu mwaka 2021 kuna mashindano ya baiskeli ya njia za changarawe katika nchi ya Mara, Migration Gravel Race. Watu wanatoka Ulaya na Marekani kuja kuendesha vumbi letu, pamoja na vijana wa Team Amani, ambayo nahodha wake alikuwa Sule Kangangi hadi alipofariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Marekani. Wamagharibi wanavuka bahari kuifuata Mara, na sisi wa Bomet tuko jirani yake tumekaa. Au tazama Hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, ambako unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na swala, jambo ambalo hifadhi chache zinaliruhusu. Mtoto wa Sotik asiione? Huko huwezi kufika kwa pedali asubuhi ukarudi jioni.

FUNDI: Hell's Gate ni zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, kwenda tu. Saa nne garini, saa nne kurudi, na humo ndani unaendesha saa tatu. Na baiskeli zinakodishwa palepale langoni. Sasa unabeba yako kwenda kufanya nini? Iache nyumbani, ipumzike, uende kwa matatu. Mimi naona safari inayomweka mtu kwenye kiti cha gari kuliko kwenye kiti cha baiskeli ni safari ya gari. Ni nzuri, sikatai, lakini tuiite jina lake.

SISTA: Hapo Fundi amenipa kipimo. Saa za juu ya baiskeli zizidi saa za ndani ya gari, na zizidi kwa mbali. Kericho kwa pikapu ni saa moja kwenda na moja kurudi. Tukiendesha saa tano huko, inakubalika. Naivasha haikubaliki, ila mara moja kwa mwaka, na kwa basi la wote.

MZEE: Mimi bado sijamaliza. Mnahesabu saa na shilingi na lita. Kuna kitu kimoja ambacho hamjakihesabu. Zamani nilikuwa nauvuka mpaka wa Chebilat kwa baiskeli. Upande huu watu wananiambia "Chamgei", upande ule, kwa Wakisii, wananiambia "Bwakire". Nilijua mama gani ana ndizi na nani ana mgonjwa nyumbani. Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Mwanzoni mwa 2008 mpaka huo wa Sotik na Borabu uliwaka. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na njia niliyoizoea ikawa njia ya watu kutazamana kwa hofu. Utulivu uliporudi, sikuona ukiletwa na magari yaliyopita yamepandisha vioo. Uliletwa na waliopita polepole: wa miguu, wa punda, wa baiskeli, watu ambao unauona uso wao kabla hawajafika na baada ya kupita. Baiskeli haiwezi kumpita mtu bila kumsalimia. Mwendo wake haukuruhusu. Sasa ninyi mkijifungia ndani ya pikapu mkapita Chebilat kwa kasi ya kilomita 80, mkaenda kushuka mahali ambapo hakuna anayewajua, mmetembelea majani chai. Hamjatembelea watu.

KIJANA: Mzee, wewe mwenyewe uliivuka Chebilat kwa baiskeli mara ya mwisho lini?

MZEE: Ni miaka mingi sasa.

KIJANA: Kwa nini?

MZEE: Magoti. Na hiyo lami. Siku moja basi lilinipita karibu hadi kofia yangu ikaenda. Nilishuka, nikakaa kwenye nyasi mpaka mikono ikaacha kutetemeka, nikageuza baiskeli nikarudi nyumbani.

SISTA: Basi umetusaidia, Mzee, kuliko unavyofikiri. Salamu unayoisema naiheshimu, na ndiyo inayonitoa kitandani Jumapili. Lakini hakuna anayesalimiana kwenye lami. Dereva wa lori hauoni uso wako, na wewe huna nafasi ya kuinua mkono kutoka kwenye usukani. Salamu ziko kwenye njia za changarawe, kati ya kituo kimoja cha kupimia majani chai na kingine, pale ambapo mama anangoja kilo zake ziandikwe na mtoto anakimbia kando ya baiskeli hadi kwenye kona. Kati ya njia hizo kuna vipande vya lami vinavyoua. Hapo ndipo mimi nalitaka gari: litutoe kwenye salamu za huku, litufikishe kwenye salamu za kule, kisha lizimwe.

MWALIMU: Kama kivuko.

SISTA: Kama kivuko. Likoni, ukipanda feri, hukai humo kutwa nzima. Unavuka, unashuka, unaendelea na safari yako.

KIJANA: Na feri haichagui wenye mshahara. Kama gari ni la kuvusha tu, basi linaweza kurudi. Litoke na sita wa kwanza, livuke Kaplong, lishushe, lirudi lichukue sita wengine. Kipande ni kifupi. Mafuta ni lita moja au mbili, hata mimi nitachangia.

FUNDI: Na kadiri kipande kinavyokuwa kifupi ndivyo baiskeli zinavyopona. Kilichobaki ni kukubaliana nani anafunga. Mtu mmoja awe msimamizi wa kufunga kila Jumapili, na gari lisiondoke kabla hajasema.

MWALIMU: Wengine wamependekeza pikapu itufuate nyuma, imwokote anayechoka.

FUNDI: Kwenye changarawe pikapu inayofuata ni vumbi kwa wa nyuma na kelele kwa wote. Tena itawafanya wepesi waongeze kasi, kwa sababu wanajua kuna wa kuwaokota wanyonge. Gari likazimwe mahali tunapomalizia. Anayechoka, kikundi kizima kipunguze mwendo. Si mashindano haya.

KIJANA: Mimi nina swali la mwisho. Kwa nini kila mara tuwe sisi wa kuikimbia barabara? Kigali, tangu mwaka 2016, wana Jumapili ambazo barabara kadhaa za mji hufungwa magari asubuhi, watu wakatembea na kukimbia na kuendesha baiskeli hadi saa za magari zirudi. Na Septemba 2025 mji huohuo ukapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Sisi hatuombi dunia nzima ije. Tunaomba ukingo wa lami wa upana wa baiskeli moja.

MZEE: Uombe, kijana. Ila wakati ukiomba, endelea kuendesha, ili wakija kutazama wakute kuna waendeshaji.

Hapo niliufunga mjadala, na sasa naweka msimamo wangu niliouahidi.

Nilikuja mezani nikiwa upande wa Mzee. Niliamini kwamba kupakia baiskeli kwenye gari ni kuisaliti, kwamba chombo kilichobuniwa ili mtu ajiendeshe kwa miguu yake hakifai kubebwa kama kuku wa kupelekwa sokoni. Sasa naona kwamba msimamo ule ulimsahau mtu mmoja, naye ni Mzee mwenyewe, aliyegeuza baiskeli na kurudi nyumbani, na ambaye amekaa miaka bila kuvuka mpaka alioupenda. Lami ilimfungia upande mmoja. Kumwambia aanzie mlangoni kwake ni kumwambia asitoke kabisa. Vivyo hivyo kwa mama anayejifunza baiskeli akiwa na miaka arobaini, na kwa mtoto wa miaka kumi ambaye baba yake hawezi, kwa akili timamu, kumpitisha kwenye makutano ya Kaplong.

Lakini sikuhamia upande wa Mwalimu wa mwanzo wa mjadala. Gari lina tabia ya kukua ndani ya mpango. Leo linavusha kilomita tano, mwezi ujao linakwenda hamsini, mwakani kikundi kinachagua safari kwa kuuliza gari litafika wapi, na asiye na mia tatu ameshatoweka kimya. Hoja ya Kijana ndiyo nzito kuliko zote zilizosemwa, kwa sababu hasara yake haionekani. Fremu iliyochubuka utaiona. Mtu aliyesema ana shughuli humwoni.

Kwa hiyo nasema hivi kwa kikundi changu na kwa vikundi vingine vya Bomet, Kericho na Nyamira. Gari livushe tu. Litumike pale ambapo barabara haimruhusu mtu kusalimiwa, na liachwe pale salamu zinapoanza. Nafasi ya kwanza ya gari apewe asiyeweza kuvuka bila hilo, mwenye magoti mabovu, mtoto, mgeni wa baiskeli, na anayemiliki gari awe wa mwisho kuulizwa kama amepata kiti. Mafuta yachangwe kwa uwezo, bila daftari la majina linalosomwa hadharani. Na mashamba makubwa, ambayo njia zake za matrekta hutulia Jumapili, naomba yatufungulie malango kwa utaratibu: tuandikishwe na mlinzi langoni, tusiguse chai, tusiache takataka, tutoke kabla ya mvua. Kaunti nayo ikumbuke, inapotengeneza barabara, kwamba upana wa baiskeli moja kando ya lami ungeyafanya nusu ya maneno ya mjadala huu yasihitajike.

Mpango wa Jumapili ijayo umeshaandikwa. Pikapu itatoka stejini saa kumi na mbili na nusu, na itafanya safari mbili. Itapita lami ya kuelekea Chebilat, itashusha baiskeli pale njia ya changarawe inapochepuka kuingia mashambani, na itazimwa hapo hadi saa saba mchana. Kutoka hapo ni pedali, mwendo wa aliye wa polepole kuliko wote, upande huu wa mpaka na upande ule. Fundi ndiye atakayefunga. Amesema blakmamba ya Mzee itafungwa ya mwisho, kwa magunia mawili, ili iwe ya kwanza kushuka.